Padre Theobald Mathew, Mtume wa Kiasi

Msimu wa kuuza pamba ukifika katika mkoa wa Simiyu, fedha huingia nyumbani kwa mkupuo. Mkulima wa Itilima au wa Maswa, ambaye amepalilia na kuvuna kwa miezi mingi pasipo kushika kitu mkononi, hupata kwa siku moja mapato ya mwaka mzima. Siku ya mnada wa ng'ombe huwa vivyo hivyo. Na mahali penye fedha na watu wengi, muuza pombe hachelewi kufika. Watu wa Bariadi hawana haja ya kuelezwa jinsi siku ya namna hiyo iwezavyo kuisha: neno dogo la dharau, fimbo juu, na mtu yu chini kando ya barabara. Kesho yake aliyepiga akiulizwa sababu, haikumbuki. Mwenzake yuko hospitali, au yuko kaburini, na watoto wa nyumba mbili wamepata hasara kwa jambo lisilo na jina.

Wako wadhanio kwamba balaa hili ni la Wasukuma peke yao, au la Waafrika peke yao. Hao hawakusoma historia. Miaka karibu mia mbili iliyopita, katika nchi moja ya Ulaya iliyojaa Wakatoliki hodari, minada ilikuwa ikiisha kwa damu vile vile, na padre mmoja alisimama kupigana na adui huyo kwa mikono mitupu. Alikuwa Padre Theobald Mathew wa Ayalandi. Maisha yake yana ushindi mkubwa na yana uchungu mwingi, nasi twaona ni vema familia zetu ziyajue yote mawili.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1790 huko Thomastown, katika jimbo la Tipperary. Baba yake alikuwa msimamizi wa mali ya bwana mmoja mkubwa wa ukoo wao, hivyo Theobald hakujua njaa utotoni. Alikuwa mtoto mpole, mpenda watu, na zaidi ya yote alipenda kukaribisha wageni. Mapema akaazimu kuwa padre, na mwaka 1807 akaingia Seminari Kuu ya Maynooth. Hakukaa. Mwaka uliofuata aliwaandalia wenzake karamu chumbani mwake, jambo lililokatazwa kabisa na kanuni za nyumba; nayo ilipojulikana, akaona heri aondoke mwenyewe kabla hajafukuzwa. Sisi tuliopita katika Seminari Kuu twajua uzito wa kosa hilo, na labda twajua pia utamu wake. Ajabu ya Mungu ni kwamba mtu atakayewaomba mamilioni waweke chini bilauri zao alianza safari kwa kukosana na wakubwa wake kwa ajili ya karamu.

Wakapuchini wakampokea, watawa wale wale wa familia ya Mtakatifu Fransisko ambao huku kwetu twawafahamu kwa kazi yao ya Dar es Salaam na Mahenge tangu mwaka 1921. Mwaka 1814 akatumwa Cork, mji wa bandari upande wa kusini, kwenye kanisa dogo lililofichika uchochoroni. Kwa miaka ishirini na minne jina lake halikusikika sana nje ya mji huo. Aliungamisha watu kwa saa nyingi mno. Alifungua shule za watoto maskini. Mwaka 1830 alinunua bustani ya zamani akaifanya makaburi, ili mafukara wapate kuzikwa kwa heshima. Kipindupindu kilipoingia Cork mwaka 1832, hakuwakimbia wagonjwa. Huo ndio upadre tunaoujua wote, wa kila siku, usioandikwa magazetini; na kama angekufa akiwa na miaka arobaini na saba, tusingekuwa na habari zake leo.

Lakini imetupasa kueleza hali ya nchi yenyewe. Waairishi wa siku zile walikunywa wiski. Nyingine ilitoka viwandani na kulipiwa ushuru, nyingine ilipikwa kwa siri vilimani, kama gongo la kwetu. Siku za mnada, na hata siku za kumheshimu mtakatifu msimamizi wa mahali, vibanda vya pombe vilisimamishwa uwanjani tangu asubuhi. Makundi ya vijana yakaja, kila kundi na jina la ukoo wake, kila kijana na fimbo yake ya mti mgumu. Jioni, wakiisha kulewa, walijipanga mistari wakapigana mpaka wengine wasiinuke tena. Mara nyingi hakuna aliyeweza kusema ugomvi wa koo hizo ulianza lini, wala kwa nini. Na hao walikuwa watu waliobatizwa, wengi wao wametoka Misa siku ile ile.

Katika mji wa Cork alikuwako Mprotestanti mmoja wa dhehebu la Marafiki, Bwana William Martin, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akihimiza watu waache vileo kabisa. Walimcheka. Yeye na Padre Mathew walikaa pamoja katika baraza la nyumba ya mafukara ya mji, na kila walipomwona mgonjwa au kichaa aliyeletwa hapo na ulevi, Bwana Martin alimgeukia padre na kumkumbusha kwamba yeye angeweza kufanya jambo ambalo Mprotestanti hawezi kulifanya kati ya Wakatoliki. Padre alisita muda mrefu. Hakuwa mlevi, lakini hakuwa adui wa divai mezani, na alijua kwamba atakayeanza kazi hiyo atafanyiwa mzaha na matajiri na maskini pia. Tarehe 10 Aprili 1838, mbele ya watu wachache, alichukua kalamu, akamtaja Mungu, akaandika jina lake la kwanza kabisa katika daftari la chama cha kuacha vileo. Wasomaji wetu waangalie jambo hili: padre alipata msukumo kutoka kwa mtu asiye wa Kanisa lake, wala hakuona haya kuupokea.

Yaliyofuata hayakutazamiwa na mtu yeyote. Mikutano ilifanywa katika jengo kubwa la kuuzia farasi, lenye kuchukua watu elfu nne, nalo likawa dogo. Watu walikuja kwa miguu kutoka mbali. Walipiga magoti makundi makundi, wakatamka ahadi, padre akawabariki, akampa kila mmoja medali. Kabla mwaka haujaisha ilihesabiwa kwamba zaidi ya watu laki moja na nusu wameandikwa. Desemba 1839 alipokwenda Limerick, mji ulifurika hata wageni wengi wakalala nje katika baridi kwa kukosa vyumba. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane mwaka 1841. Waliochukua ahadi walikisiwa kufika milioni tano. Hata tukipunguza hesabu hiyo, kama ilivyo busara kwa hesabu za makutano makubwa, bado ni ajabu.

Na matunda? Kodi ya pombe kali iliyoingia hazina mwaka 1839 ilikuwa zaidi ya paundi milioni moja na laki nne. Mwaka 1844 haikufika laki tisa. Mauaji yaliyoandikwa na serikali yalikuwa 247 mwaka 1838. Mwaka 1841 yalikuwa 105. Mji kwa mji zilifunguliwa nyumba za kusomea na vikundi vya tarumbeta, kwa maana padre alifahamu kwamba kijana aliyetolewa kilabuni lazima apewe mahali pengine pa kwenda. Hapa twakumbuka Bujora, ambako sikukuu ya Ekaristi huwakusanya Wasukuma kushindana kwa ngoma, Bagika na Bagalu, ushindani wenye joto kamili wala usiohitaji kumvunja mtu kichwa.

Hata hivyo tusiseme zaidi ya kweli. Ahadi haikufanya kazi hiyo peke yake. Miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa imepanga upya polisi wa nchi, kwa sheria ya mwaka 1836, na katibu mmoja shupavu, Thomas Drummond, alikuwa akipeleka askari minadani wazuie makundi yasipigane. Wasifu wa Padre Mathew husimuliwa mara nyingi bila kumtaja mtu huyu, nasi twaona si haki. Upande mmoja padre aliligusa shauri la moyo. Upande wa pili askari alisimama uwanjani. Mlevi aliyevunja ahadi yake alimkuta askari, na asiyemwogopa askari alikuwa na medali shingoni ya kumkumbusha.

Ahadi hiyo ilimgharimu padre mwenyewe. Baadhi ya jamaa zake wa damu walikuwa na mali yao katika viwanda vya pombe kali. Kila mkutano aliofanya uliwapunguzia riziki, nao walimwambia hivyo. Hakuacha. Ila hakuwa mtu wa hesabu. Aligawa medali bure kwa wasio na kitu, alilipa nauli za wengine, aligharimia vikundi, akatumbukia katika madeni. Mwaka 1844, akiwa Dublin anaandikisha watu, mtumishi wa mahakama alikuja mbele yake, akapiga magoti kama wengine, akapokea baraka, kisha kwa sauti ya chini akamjulisha kwamba yu chini ya ulinzi kwa sababu ya deni. Padre akaendelea na kazi mpaka watu walipokwisha, asiwatie hofu. Marafiki wakachanga fedha kumwokoa.

Mwaka uliofuata viazi vilianza kuoza mashambani. Mtu asiyejua habari za Ayalandi hawezi kulipima neno hilo. Viazi ndivyo vilivyokuwa ugali wao, na vilipokosekana miaka kwa miaka, watu kama milioni moja walikufa na wengine milioni wakavuka bahari. Padre Mathew aliwaandikia wakubwa wa serikali kuwaeleza aliyoyaona njiani, akapika supu kwa maelfu mjini Cork, akageuza makaburi yake kuwa kimbilio la maiti wasio na jamaa. Chama chake kilizama katika msiba huo. Waliochukua ahadi walikuwa wamekufa, au wamehama, au wamekata tamaa; na wauza pombe, ambao hawakuwa wamechukua ahadi yoyote, walikuwa bado hapo. Kasoro nyingine ilikuwa ya mwanzilishi mwenyewe: hakujenga chama chenye viongozi katika kila parokia. Kila kitu kiliangikwa juu ya mtu mmoja. Mwaka 1847 mapadre wa Cork walimweka wa kwanza kati ya majina ya kupelekwa Roma apate kuwa askofu wao, lakini Roma ilimchagua mwingine. Mwaka 1848 akapata kiharusi.

Mtu wa namna nyingine angepumzika. Yeye Julai 1849 alishuka New York, akazunguka Marekani zaidi ya miaka miwili, akapita majimbo ishirini na tano, na watu kama laki tano wakachukua ahadi mikononi mwake. Alialikwa kula na Rais Zachary Taylor. Lakini huko lilitokea jambo ambalo hatutalificha kwa sababu tu ni padre. Miaka michache kabla alikuwa ametia sahihi yake katika tangazo la Waairishi dhidi ya utumwa. Na Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwani na kuwa msemaji mkuu wa watumwa, alikuwa amepokea ahadi ya kiasi kwake mjini Cork mwaka 1845. Wapinga utumwa wa Boston walipomwomba arudie neno lake lile mbele ya Wamarekani, alikataa, akihofia kwamba majimbo yenye watumwa yatamfungia mlango. Douglass alihuzunika sana. Sisi wana wa Afrika twaweza kuzielewa sababu za Padre Mathew bila kuzikubali.

Alirudi nyumbani Desemba 1851, mgonjwa, hana nguvu za kuanza upya. Na hapa ndipo penye sababu yetu ya kuyaandika haya. Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba ulevi utashindwa kwa kushawishi mioyo, mtu kwa mtu. Serikali hakuiomba ifunge vilabu. Lakini Marekani ilikuwa imemwonyesha jambo jipya: mwaka 1851 jimbo la Maine lilikataza kwa sheria biashara ya vileo. Mwaka 1853, chama kilipoundwa Manchester kudai sheria ya namna hiyo, mzee huyu wa kiharusi alikiandikia barua ya kukiunga mkono. Alikiri humo kwamba juhudi ya mtu mmoja mmoja, hata iwe na bidii ya namna gani, haitoshi kwa kazi kubwa kama ile, na kwamba lazima shina lenyewe lipigwe. Mtu aliyepokea ahadi za mamilioni ndiye aliyesema hivyo. Hakuna shahidi mzito kuliko huyo.

Hatumfuati mpaka Maine. Sheria ya kukataza kabisa ilifutwa huko miaka michache baadaye, na sisi huku tunajua kwamba pombe ikifungiwa mlango wa mbele huingia kwa dirisha la nyuma, tena ikiwa chafu zaidi. Nchi yetu haikosi sheria. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 yataka leseni, na yaweka saa za kuuza. Machi 1, 2017, serikali ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki ambavyo kijana aliweza kuvinunua kwa sarafu chache na kuvificha mfukoni tangu asubuhi. Hatusemi kwamba ulevi ulikwisha siku ile. Lakini pombe kali ikawa ghali zaidi kuipata na ngumu zaidi kuificha, na jambo hilo halikufanywa na mahubiri. Majirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2010, waliamuru baa zisifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi.

Kilichobaki ni karibu na nyumbani. Sheria ya mwaka 1982 yazipa halmashauri za wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hivyo diwani wa Bariadi, wa Meatu au wa Busega hana haja ya kungoja Dodoma ili aulize kama ni lazima pombe iuzwe pembeni ya zizi la mnada wakati watu bado wanahesabu fedha, au karibu na kituo cha kununulia pamba. Aweza kuuliza ni leseni ngapi zinazotosha kata moja. Aweza kuuliza kwa nini kijana aliyepiga hukamatwa, na hiyo ni haki, lakini aliyemjazia kikombe cha nane hali anamwona hawezi kusimama hurudi kwake salama na faida yake. Twajua ugumu wake: leseni na ushuru huingia katika mfuko wa halmashauri ile ile. Hazina ya Uingereza nayo ilipoteza zaidi ya paundi laki tano kwa mwaka kwa sababu ya Padre Mathew, wala dola haikuanguka.

Kuna jambo gumu kuliko ushuru. Wapikao pombe vijijini mara nyingi ni akina mama, wengine wajane, na fedha hiyo ndiyo inayonunua madaftari na sare za shule. Sheria itakayomvunjia mama huyo mtungi wake bila kumwonyesha njia nyingine ya kulisha watoto itakuwa sheria ya watu walioshiba. Yeye hafanani na mfanyabiashara aletaye pombe kali kwa lori siku ya mnada, na sheria njema yapaswa kuona tofauti hiyo. Padre Mathew aliona umaskini wa jamaa zake mwenyewe akaendelea; sisi tusiokuwa watakatifu tuanze kwa wenye malori.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kimya. Alipata kiharusi tena mwaka 1852, akapelekwa kisiwa cha Madeira kutafuta hewa nzuri, akarudi bila kupona. Hata alipokuwa hawezi kusema vizuri, maskini waliendelea kuja kupiga magoti karibu na kiti chake, naye aliinua mkono. Alifariki tarehe 8 Desemba 1856, Sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, katika bandari inayoitwa leo Cobh. Walimzika katika makaburi yale aliyowanunulia mafukara, chini ya msalaba. Mwaka 1864 watu wa Cork walimsimamishia sanamu katikati ya barabara yao kuu, nayo ipo hadi leo.

Sheria ya kufunga vilabu siku ya Jumapili katika Ayalandi ilipitishwa mwaka 1878, miaka ishirini na miwili baada ya kuzikwa kwake. Wauza pombe wa miji walipiga kelele nyingi bungeni kupitia watetezi wao, hata miji mitano ikaachwa nje ya sheria hiyo, vilabu vyake vikaruhusiwa kufungua saa chache za mchana. Mmojawapo wa miji hiyo mitano ulikuwa Cork.